Kulinganisha gharama za aina mbalimbali za lami kwa ukarabati wa njia ya gari nyumbani: mwongozo kamili kwa mkazi wa Nairobi

Mwenye nyumba wa Nairobi anayetaka kuziba mashimo kati ya lango na maegesho yake hupewa bei ambazo kwa hali zilivyo haziwezi kulinganishwa. Duka la vifaa vya ujenzi humtajia bei ya mfuko, kiwanda cha lami humtajia bei ya tani, muuzaji wa lami ya maji humtajia bei ya mtungi au pipa, na fundi wa mtaani, baada ya kuzunguka ua mara mbili mikono ikiwa nyuma, humtajia kiasi kimoja kizima ambacho hakielezi chochote. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzigeuza bei hizo zote ziwe kipimo kimoja, yaani shilingi kwa mita moja ya mraba iliyotandikwa na kushindiliwa, na kisha shilingi kwa kila mwaka ambao kazi hiyo itadumu.

Bei za shilingi zilizotumika humu ni za kufanyia hesabu tu. Bei ya lami hubadilika mara kwa mara kwa sababu lami ni masalia ya mafuta ghafi, na tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, Kenya imekuwa ikitegemea bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Dola ikipanda au mafuta yakipanda, pipa la lami hupanda. Kwa hiyo chukua hesabu, weka bei za wiki unayonunua, na hesabu itabaki sahihi.

Neno moja, vitu vitatu

Kabla ya kuuliza bei yoyote, ni vyema kutambua kwamba neno «lami» katika Kiswahili chetu hubeba vitu vitatu. Kwanza ni ule uji mweusi mzito unaogandisha mawe, ambao humu nitauita lami tupu. Pili ni mchanganyiko wa lami tupu na kokoto pamoja na vumbi la mawe, ulio tayari kutandikwa. Tatu ni barabara yenyewe iliyokamilika, kama tunaposema kwamba mtaa fulani umewekewa lami. Katika mchanganyiko, lami tupu ni takriban asilimia 5 au 6 tu ya uzito. Kilichobaki ni mawe. Anayekuambia kwamba lami ni elfu kumi na tano anaweza kuwa anazungumzia pipa la lami tupu au tani ya mchanganyiko, na tofauti hiyo inatosha kuharibu bajeti nzima. Muulize palepale: kipimo gani, ya kitu gani, na ikiwa imefikishwa wapi.

Hatua ya kwanza: jua kilichoiharibu njia

Ukarabati wa bei yoyote ni hasara ukiwekwa juu ya tatizo ambalo halijaondolewa. Tembea juu ya njia yako asubuhi baada ya mvua ya usiku na uangalie maji yamesimama wapi. Nyufa nyembamba zinazofuata mstari mmoja kwa kawaida ni dalili ya lami iliyozeeka kwa jua. Nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba ni jambo jingine kabisa: zinaonyesha kwamba tabaka la chini, la maramu au kokoto, limelegea na halibebi tena uzito wa gari. Sehemu laini na nyororo mahali gari linapoegeshwa mara nyingi imelainishwa na dizeli au oili inayovuja, na hapo hakuna aina ya lami itakayoshika mpaka ile iliyolowa mafuta ikatwe na kutupwa.

Kisha uliza juu ya udongo. Maeneo ya mashariki na kusini mwa jiji, kama Embakasi, South C na kuelekea Syokimau, yana udongo mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na lami iliyo juu yake hupanda na kushuka nao. Kwenye udongo huo, gharama kubwa ya ukarabati mara nyingi haimo katika lami hata kidogo. Imo katika kuuchimba udongo, kuuondoa, na kujaza mawe na maramu yaliyoshindiliwa vizuri. Wenye udongo mwekundu wa upande wa Kiambu wana nafuu, ingawa nafuu hiyo huisha pale bomba la maji linapovuja chini ya njia kwa miezi kadhaa bila mtu kujua.

Iwapo njia haina mteremko wa kuondoa maji, tengeneza huo kwanza. Mteremko wa asilimia 2.5 unatosha, maana yake ni kwamba njia yenye upana wa mita 3 iwe na tofauti ya sentimita 7.5 kati ya upande mmoja na mwingine. Uzi wa fundi na tepu vinatosha kupima jambo hilo.

Hatua ya pili: pima shimo litakavyokuwa, si lilivyo

Kosa la kawaida ni kupima shimo kama linavyoonekana. Shimo linalozibwa ipasavyo hukatwa kingo zake zikawa wima na za mraba, mpaka kufikia lami iliyo imara, kwa hiyo eneo huongezeka. Chora mstari kwa chaki nje ya uharibifu wote, kisha pima ulichochora. Pima kina katika sehemu tatu au nne na uchukue wastani baada ya kuondoa vumbi na vipande vilivyolegea.

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni njia yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3, yaani mita za mraba 60. Ina mashimo matatu ambayo kwa macho yana jumla ya mita za mraba 2.6, lakini yakishakatwa yanakuwa 4, yenye kina cha sentimita 6. Ujazo wake ni 4 × 0.06, ambao ni mita za ujazo 0.24. Ina pia nyufa zenye jumla ya mita 35, upana wa milimita 10 na kina cha milimita 20, ambazo ujazo wake ni mita za ujazo 0.007, yaani lita 7 tu. Nyufa zinazotisha kwa macho huhitaji lami kidogo sana. Hapa ile methali ya ufa na ukuta haihitaji kufasiriwa.

Hatua ya tatu: zifahamu bidhaa zinazouzwa

Lami ya moto huchanganywa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, ikapakiwa kwenye lori na kufunikwa kwa turubai. Ikishindiliwa, mita moja ya ujazo huwa na uzito wa takriban tani 2.35. Hii ndiyo inayodumu kuliko zote na kwa tani moja ndiyo yenye bei nafuu kuliko zote zilizo tayari kutumika. Ugumu wake ni miwili: kiwanda hakipendi kuuza kiasi kidogo, na mchanganyiko ukishapoa hauna kazi. Kushindilia kunapaswa kumalizika kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 80 au 90, na tabaka jembamba la sentimita 3 hupoa kwa dakika chache, hasa asubuhi za mwezi wa Julai ambapo Nairobi huwa na baridi na upepo. Ongeza hapo foleni ya Barabara ya Mombasa. Lori lililokwama humo saa mbili halijachelewa tu, limepoteza thamani ya mzigo wake, na ni vyema makubaliano yaseme wazi ni nani anayebeba hasara hiyo.

Lami baridi ya mifuko huuzwa ikiwa imechanganywa tayari, kwa kawaida katika mifuko ya kilo 25, na hutandikwa bila kupashwa joto. Huhitaji lori wala kiwanda, na unaweza kufanya shimo moja leo na jingine mwezi ujao. Kwa tani ni ghali mara kadhaa kuliko lami ya moto. Ikishindiliwa vizuri hufikia tani 2.1 hivi kwa mita ya ujazo, na hubaki laini kwa muda kwa sababu viyeyushi vilivyomo huondoka polepole. Katika kona ambako magurudumu hugeuzwa gari likiwa limesimama, huchimbika upesi.

Mchanganyiko wa fundi hutengenezwa papo hapo uani kwa emulsheni, ambayo wengi huiita lami ya maji, pamoja na kokoto ndogo na vumbi la mawe. Hapa ndipo pesa nyingi za wenye nyumba hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Emulsheni ni matone madogo ya lami tupu yaliyoelea ndani ya maji. Inayopatikana kwa urahisi madukani huandikwa K1-60. Herufi K inaonyesha kwamba matone yana chaji chanya ya umeme, tarakimu 1 inaonyesha kwamba emulsheni hiyo hutengana upesi na kuyaachia maji, na 60 ni asilimia ya lami iliyomo. Maana ya hiyo 60 kwa mnunuzi ni nzito: pipa la lita 200 lina takriban lita 120 za lami, na zilizobaki ni maji uliyoyanunua kwa bei ya lami. Unapolinganisha pipa la emulsheni na lami tupu, gawanya bei kwa 0.6 kwanza.

Tarakimu ile ya kwanza nayo si ya kupuuzwa. K1 imekusudiwa kumwagwa au kupakwa, kwa mfano kugandisha tabaka jipya juu ya la zamani. Ya kuchanganya na mawe inapaswa kuwa ile inayotengana polepole zaidi, K2 au K3. Mimi na shemeji yangu tulijifunza jambo hili kwa gharama yetu wenyewe tulipouziwa K1 na duka moja lililotuhakikishia kwamba «zote ni sawa»: tukiwa bado tunageuza kokoto ndani ya toroli, lami iliganda kwenye mawe ya juu kama ugali uliokosa maji, huku vumbi la chini likibaki kavu kabisa. Mtungi mzima wa lita 20 uliishia hapo. Tahadhari nyingine ni kutochanganya emulsheni ya herufi A na ya herufi K katika chombo kimoja, kwa sababu chaji zake ni kinyume na huganda papo hapo.

Lami iliyokatwa kwa mafuta, kama MC-30, ni lami tupu iliyolainishwa kiwandani kwa viyeyushi vya aina ya mafuta ya taa. Kazi yake nyumbani ni moja: kunyunyiziwa juu ya tabaka jipya la maramu au kokoto, kiasi cha lita 1 kwa mita ya mraba, ili kulifunga kabla ya lami kuwekwa juu. Huhitaji siku moja hadi mbili kunyonywa na kukauka. Usikubali itumike kama gundi ya kiraka, yaani ile inayopakwa chini na kwenye kingo za shimo kabla ya kulijaza, na usikubali fundi aitengeneze mwenyewe kwa kuongeza mafuta ya taa kwenye sufuria iliyo motoni. Huo ni moto unaosubiri nafasi.

Kuna pia lami iliyokwanguliwa kutoka barabara za zamani. Hufaa kwa njia za ndani zisizo na magari mengi, ikishindiliwa siku ya jua, na bei yake huwa ya chini. Hakikisha tu kwamba anayekuuzia ana haki ya kuiuza, kwa kuwa inayotoka kwenye barabara ya umma ina mwenyewe.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya mashimo

Anza na mifuko. Mita za ujazo 0.24 zikizidishwa kwa kilo 2,100 ni kilo 504. Ongeza asilimia 10 ya kupotea na kumwagika, zinakuwa kilo 554, ambazo ni mifuko 23 ya kilo 25. Tukichukua mfuko kuwa shilingi 1,200, vifaa ni shilingi 27,600, yaani 6,900 kwa kila mita ya mraba yenye kina cha sentimita 6. Angalia pia kwamba bei hiyo ya mfuko ni sawa na shilingi 48,000 kwa tani, jambo ambalo hakuna kibandiko dukani kitakachokuambia.

Lami ya moto ya mashimo hayohayo ni 0.24 × 2.35, yaani tani 0.56, na ukiongeza asilimia 10 ni tani 0.62. Kwa bei ya kielelezo ya shilingi 15,000 kwa tani, ni shilingi 9,300 pekee. Hesabu ikiishia hapo, lami ya moto inaonekana kuwa zawadi. Lakini tuseme kiwanda hakiuzi chini ya tani 3 na lori ni shilingi 12,000: unalipa 45,000 na 12,000, jumla 57,000, na kila mita ya mraba ya shimo inakuwa imekugharimu 14,250. Bidhaa nafuu kuliko zote imegeuka kuwa ghali mara mbili ya mifuko, na hakuna aliyekudanganya.

Mchanganyiko wa fundi unahitaji emulsheni ya takriban asilimia 9 ya uzito, kwa hiyo kilo 554 zinahitaji lita 50 hivi. Kwa shilingi 150 kwa lita, hiyo ni 7,500; kokoto na vumbi tuseme 2,500. Jumla ni shilingi 10,000, au 2,500 kwa mita ya mraba.

Sasa weka kazi na mashine. Tuseme vibarua na mashine ndogo ya kushindilia ni shilingi 12,000 kwa mifuko na kwa mchanganyiko wa fundi, na shilingi 20,000 kwa lami ya moto kwa sababu inahitaji watu wengi zaidi wanaofanya haraka. Jumla zinakuwa 39,600 kwa mifuko, 22,000 kwa mchanganyiko wa fundi, na 77,000 kwa lami ya moto.

Zigawanye kwa miaka unayotarajia. Ukichukulia kwamba mifuko itadumu miaka 3, ni shilingi 13,200 kwa mwaka. Lami ya moto ikidumu miaka 8, ni 9,625 kwa mwaka. Mchanganyiko wa fundi ukidumu miaka 2 ni 11,000 kwa mwaka, lakini ukidumu mwaka mmoja tu ni 22,000, na tofauti kati ya mwaka mmoja na miwili hutegemea kabisa kama emulsheni ilikuwa ya aina sahihi na kama iliachwa ikauke. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tatizo halisi la njia hiyo. Bei yake inaweza kuwa nzuri, ila haitabiriki, na asiyeweza kusimama hapo siku nzima kuikagua aende kwenye mifuko.

Ni wapi mizani hugeuka

Swali lenye faida kuliko yote ni hili: ukiangalia pesa unazotoa siku ya kazi tu, bila kuzigawa kwa miaka, kazi ikiwa na ukubwa gani ndipo lori la lami ya moto linakuwa nafuu kuliko mifuko? Chukua gharama ambazo hazipungui, yaani mzigo mdogo kabisa wa kiwanda na lori, shilingi 57,000, na nyongeza ya vibarua, 8,000. Jumla ni 65,000. Gawanya kwa bei ya mfuko, 1,200, na unapata mifuko 54. Kwa kipimo hicho, kazi inayohitaji mifuko chini ya 54 ifanywe kwa mifuko. Ikizidi hapo, piga simu kiwandani. Weka bei zako mwenyewe na utapata mpaka wako.

Mpaka huo husogea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia mzigo wote. Katika mfano wetu, baada ya mashimo kuchukua tani 0.62, zinabaki tani 2.38. Ukiacha asilimia 10 ya kupotea, zinatosha kutandika sentimita 3 juu ya takriban mita za mraba 30, ambazo ni nusu ya njia nzima. Anayelipia tani 3 na kuruhusu zilizobaki zirudi na lori amelipia zawadi ya mtu mwingine. Agiza tu mchanganyiko wenye kokoto zisizozidi milimita 10, kwa maana tabaka linapaswa kuwa na unene wa karibu mara tatu ya jiwe lake kubwa.

Njia ya pili ni majirani. Nairobi ina korti nyingi za makazi ambamo nyumba kumi au ishirini zilijengwa mwaka mmoja, zikawekewa lami siku moja, na kwa hiyo zinaharibika pamoja. Nyumba tano zikiagiza lori moja, gharama ya lori na mzigo mdogo hugawanyika, na kila mmoja hukaribia ile bei ya 15,000 kwa tani. Ugumu wake ni wa kibinadamu: mtu mmoja apewe jukumu la kupima nyumba zote kwa tepu ileile, na pesa zikusanywe kabla lori halijaagizwa, la sivyo utajikuta umewalipia wenzako.

Ukitaka kutandika njia nzima ya mita za mraba 60 kwa sentimita 3, unahitaji mita za ujazo 1.8. Hizo ni tani 4.65 za lami ya moto pamoja na asilimia 10, yaani shilingi 70,000 hivi na lori juu yake. Kwa mifuko ingekuwa mifuko 167 na shilingi 200,400. Hapo hapana haja ya mjadala.

Nyufa na uso uliozeeka

Kwa nyufa za lita 7, ukitumia emulsheni nunua lita 12, kwa sababu 7 ikigawanywa kwa 0.6 ni karibu hiyo. Imwage mara mbili: maji yakiondoka mara ya kwanza, ufa hushuka na kuonekana haujajaa. Safisha ufa kwa waya na uupulize vumbi kwanza, na umalizie kwa kunyunyiza vumbi la mawe juu ili matairi yasiinyofoe.

Uso uliokauka na kuwa wa kijivu, ila usio na mashimo, hauhitaji tabaka zima. Emulsheni lita 2 kwa mita ya mraba na kokoto ndogo za milimita 10, kilo 11 hivi kwa mita ya mraba, huufunga vizuri. Kwa mita 60 hizo ni lita 120 na kilo 660. Kwa shilingi 150 kwa lita, lami ni 18,000, au 300 kwa mita ya mraba kabla ya kokoto na kazi. Kwenye mteremko imwage kwa awamu mbili, kwani emulsheni hutiririka kama chai, na nimeona moja iliyofika langoni kabla ya kokoto.

Kuhusu kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika njia, ambayo kila jirani atayataja: za umbo la mstatili wa sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba, na faida yake ni kwamba sehemu iliyozama hung'olewa na kupangwa upya. Ziingize katika ulinganisho pale tu ambapo tabaka la chini linalazimika kuchimbwa lote.

Gharama zinazosahaulika

Kwenye kila bei uliyopewa, uliza kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 imo. Bei isiyo na kodi ikilinganishwa na yenye kodi huonekana nafuu bure. Ongeza gundi ya kiraka, ambayo kwa mita za mraba 4 ni lita 2 au 3 za K1-60 zinazopakwa chini na kwenye kingo. Ongeza kukata kwa mashine, kuondoa taka, na turubai.

Iwapo kazi inavuka lango na kugusa kingo za barabara au mtaro, eneo hilo ni la umma, na ruhusa huombwa kaunti au Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, kutegemea ni nani anayesimamia barabara hiyo. Kwa kazi kubwa, uliza pia daraja la mkandarasi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwaorodhesha wakandarasi kuanzia NCA 1 hadi NCA 8.

Msimu, na siku yenyewe

Mvua za masika hunyesha mwezi Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni miezi mizuri kuliko yote kwa sababu kuna jua kali na ardhi imekauka. Agosti na Septemba hufuata. Emulsheni isiwekwe wingu likiwa limetanda. Mvua ya nusu saa huisomba ikiwa bado ya kahawia. Ikigeuka kutoka kahawia na kuwa nyeusi, ujue imetengana na maji na sasa inaweza kubeba tabaka la juu.

Unapoomba bei, wape wauzaji wote karatasi moja yenye vipimo vilevile, eneo, kina baada ya kushindilia, na aina ya mchanganyiko. Neno «baada ya kushindilia» liandikwe. Lami iliyotandikwa sentimita 5 ikiwa imelegea hushuka hadi 4 hivi, na fundi anayeahidi sentimita 5 bila kusema lini anaweza kukuuzia moja ya tano ya hewa. Lori likifika, omba karatasi ya mizani ya kiwanda uone uzito na saa ya kuondoka, na uwe na kipimajoto. Mzigo ukiwa chini ya nyuzi 120 kabla ya kutandikwa, ukatae. Jihadhari na anayebisha langoni akisema amebaki na lami ya kazi ya karibu na atakufanyia kwa nusu bei: huna karatasi ya uzito, hujui saa ilipochanganywa, na kesho hutampata.

Mashimo yenye kina kinachozidi sentimita 5 yajazwe kwa matabaka mawili, kila moja likishindiliwa, na la juu liachwe limeinuka milimita chache. Lami ya moto hukanyagwa na gari ikishapoa kabisa. Lami baridi ya mifuko huweza kukanyagwa papo hapo, lakini usigeuze usukani juu yake gari likiwa limesimama kwa wiki kadhaa za mwanzo. Kokoto zilizomwagwa juu ya emulsheni hufagiwa baada ya siku chache, na zile zilizolegea zihifadhiwe kwenye gunia, kwani zitafaa pale jua la mchana litakapotoa lami juu.

Bakiza asilimia 10 ya malipo ya kazi, kwa makubaliano ya maandishi, mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Asubuhi yake toka na ile chaki, zungushia kila dimbwi lililosimama juu ya kiraka, lipige picha pamoja na tepu, na umpigie fundi simu kabla maji hayajakauka.